Siku ya Kumi na Tano

Muhuri wangu una magurudumu ya mpira,
la siku, la mwezi, la mwaka,
na moja lililokwama tangu nikabidhiwe ofisi.
Kila asubuhi, kabla sijafungua dirisha la masjala,
nasukuma jino moja kwa dole gumba.
Tki.
Mwanza yote inaingia Jumatano.

Ng'wasi Lugembe amefika na Jumanne mkononi.

Mwangaluka, ananiamkia.
Kiapo kinzani, kurasa tatu, nakala nne,
bahasha inanuka dagaa wa Igombe,
kitenge kimelowa hadi magotini.
"Nimewahi?"
Nyuma yake foleni inakohoa.

Nahesabu. Siku ya kupokea hati haihesabiwi,
hiyo namwachia, ingawa si zawadi yangu.
Kumi na nne kutoka hapo.
Nahesabu kwa kalamu, nahesabu kwa vifundo vya vidole,
natafuta Jumapili iangukie mwishoni,
natafuta Idi, natafuta mwezi ulioandama kwa ubishi,
natafuta siku yoyote ambayo mlango huu ulifungwa
ili sheria imsogeze hadi kesho yake.
Jumanne. Jumanne kavu, ya kazi.
Mimi mwenyewe nilikuwa hapa, natafuna karanga.

Mama, umepitwa na siku moja.

Anacheka kidogo. Moja?
Kule kwetu siku moja ni mvua tu:
inanyesha, dagaa wanavunda,
unawamwagia bata, unaanika upya.
Sijui nimwambieje kwamba huku siku haimwagiki,
kwamba aliyemshtaki anataka chanja zake zing'olewe,
na pasipo majibu yake
maombi yale yatasikilizwa kama mtu anayeongea peke yake chumbani.

Namwambia: kuna kuomba kuongezewa muda.
Utaapa, uieleze siku uliyochelewa.
Nilimaanisha aende kwa wakili.
Yeye akaanza palepale, kiwiko juu ya kaunta.

Siku tatu za mwanzo hati ilikaa chini ya godoro,
maneno yalikuwa ya Kiswahili, ila hayakunifahamu,
na kijana wangu asomaye yuko Geita.
Kisha shemeji akafariki Ukerewe. Tukavuka, tukazika,
tukakaa matanga, kivuko kikaharibika Nansio.
Kisha pesa ya wakili: gunia sita Kirumba
kwa bei ambayo hata mnunuzi aliona haya.
Jumatatu nikaapa, nikatia sahihi, nikagongewa.

Kumi na tatu hizo, zote zina mashahidi.
Sheria haikumuuliza hata moja.

Na Jumanne?

Akautazama muhuri wangu muda mrefu.
"Jumanne karatasi zilikuwa mkobani. Nauli ninayo.
Nikapita kwanza ufukweni, nikakaa kwenye jiwe.
Nikasema ngoja nizitazame chanja zangu
siku moja kabla sijaanza kuzigombania.
Ziwa lilikuwa limejaa gugu, halina hata sauti.
Jua likaniacha pale."

Nimepokea vyeti vya hospitali, vya kifo,
barua ya mwenyekiti wa mtaa kuhusu daraja lililobebwa na maji.
Cha kukaa kwenye jiwe sijawahi kupokea.

Dole gumba langu lilikuwa tayari kwenye gurudumu.
Jino moja, kurudi nyuma.
Nani angesikia, na foleni ile na vikohozi vyake?
Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo;
hawakusema la nani.

Nikagonga Jumatano.
Nakala nne, mara nne, wino mwingi kuliko haja,
na kwa kalamu, herufi ndogo: nje ya muda.
Akazipuliza zikauke, moja moja,
kama mtu apulizaye uji wa mtoto,
akaniuliza chumba cha mawakili wa msaada kiko wapi.
Ghorofani, nikasema. Wanafunga saa tisa.

Akatazama ukutani. Saa yetu imesimama tangu Machi.
"Sasa ni saa ngapi?"
Nikatoka nje ya kaunta, nikampeleka mwenyewe.
Foleni ikanitukana hadi niliporudi.
Alhamisi asubuhi, nikisukuma jino,
dole bado lilikuwa na bluu kwenye mistari yake.